Mwalimu Aliyeishuku Kwaya Yake

Mwalimu wetu wa kwaya hakufunga mlango wa nyumba yake kwa kufuli hata siku moja. Waliomjua kwa mbali walisema ni imani, kwamba amemwachia Mungu ulinzi. Sisi majirani zake wa Kasense tulijua sababu yenyewe. Aliamini kila muuza kufuli hubaki na ufunguo mmoja kwake, na ukishanunua anajua pa kukufuata. Aliona afadhali mlango ulio wazi, ambao kila mtu anajua kuwa uko wazi.

Kushuku ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, kwaya ikafuata. Akienda sokoni mjini kununua maharage, alimtaka muuzaji amwage gunia chini aone kama ya katikati yanafanana na ya juu. Akisharidhika aliinama mwenyewe kuyazoa, akipuliza vumbi na kumshukuru mwenye mali kwa heshima zote. Padri mpya akiletwa parokiani, alimhoji kama mtu anayetaka kumwozesha binti: amesoma wapi, amesoma na nani, na kwa nini amehamishwa. Mimi ni fundi cherehani, na ndiye niliyeshona sare za kwaya miaka yote hiyo. Kila nilipompima kwa futikamba yangu, naye alijipima upya kwa ya kwake, maana alisema futikamba huvutika na sisi mafundi tunajua kuzivuta. Vipimo vikilingana hakufurahi. Aliguna tu, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Lakini mtu huyohuyo alikula chakula cha kila nyumba bila kuuliza kimepikwa na nani. Na wakati wengi hapa waliwatazama kwa jicho la pembeni Wasukuma waliopanda na ng'ombe wao kutoka bondeni, Ilemba, yeye alimchukua mmoja wao, baba wa watoto wanne aitwaye Masanja, akamkabidhi ngoma ya kanisa. Nilimuuliza imekuwaje amemwamini mgeni haraka hivyo. Alinijibu kwamba hajamwamini hata kidogo, ila mtu akipiga ngoma vibaya kanisa zima linasikia, kwa hiyo hana pa kujificha.

Ukoo wake sitausimulia, ila kitu kimoja siwezi kukiruka. Shangazi yake, ambaye mimi nilimwona nikiwa msichana, alitembea akiyumba na kuongea kama mwenye ulimi mzito. Watu walimwita mlevi mpaka wanamzika. Mwanamke yule hakuwahi kuonja kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hata siku ya harusi ya mdogo wake. Alipojitetea walisema ndivyo walevi wasemavyo. Mwalimu alilikumbuka hilo vizuri, na naamini ndiko alikojifunza kutomwamini mtu yeyote anayesema kwa uhakika jambo ambalo hakuliona.

Halafu zamu yake ikafika. Alianza kutembea ameachanisha miguu, kama mtu aliyesimama nyuma ya lori linalokwenda. Maneno yakaanza kutoka kwa kukatika. Mikono yake ilipotaka kushika kitu ilikipita kwanza, kisha ikarudi kukitafuta. Yeye alikuwa mtu asiyekunywa pombe na aliyejulikana hivyo, lakini minong'ono ya ulevi haikuchukua hata msimu mmoja kuanza. Mwenyekiti wa kigango, yaani kanisa letu dogo lililo chini ya parokia, badala ya kumuuliza, akaanza kumsalimia kila Jumapili asubuhi kwa kumkumbatia, pua yake ikiwa karibu kabisa na mdomo wa Mwalimu. Mwenyekiti hakuwahi kumkumbatia mtu mwingine yeyote, hata mke wake. Mwalimu aligundua mara ya kwanza tu. Tangu hapo, kila Jumapili kabla ya ibada alitafuna vitunguu swaumu vibichi, akamsogelea mwenyekiti kwa upendo mkubwa na kumpumulia kwa muda mrefu.

Nilicheka sana wakati ule. Sasa nikikumbuka naona hasira tu, hasira juu ya mwenyekiti, na juu ya sisi sote tuliokuwa tukingoja matokeo ya kunusa.

Mkono wake wa kulia ndio uliotufundisha kuimba. Wengi wetu hatukujua kusoma noti alizoandika ubaoni, do na re na mi, lakini mkono ule ulituonyesha pa kuingia, pa kushika pumzi, na pa kuiacha sauti ife yenyewe. Hakupenda maelezo marefu. Ukikosea, alisimamisha kwaya nzima na kukutazama mpaka ukasahau hata jina lako, kisha akasema kwa upole, kama alivyoniambia mimi, "Mama Prisca, umetumwa na nani?" Alikuwa na hakika kwamba anayekosea wimbo mwepesi ametumwa na kwaya ya kigango kingine.

Kwa hiyo mkono ulipoanza kuyumba, hakuufikiria mkono. Alitushuku sisi. Pasaka moja wimbo wa utukufu ulitusambaratikia mbele ya paroko, sauti ya kwanza imeingia mapema, ya tatu imechelewa, ya nne imenyamaza kabisa. Sisi tuliuona mkono ukienda kushoto ulipotakiwa kwenda juu. Yeye aliona njama. Wiki nzima aliwafuata wanaume wa sauti ya tatu majumbani kwao kuwauliza wamepewa nini.

Ndipo tulipokutana kwenye kibanda changu cha ushonaji, kwaya yote isipokuwa yeye, tukakubaliana. Masanja angeshika mwendo kwa ngoma. Mimi, kiongozi wa sauti ya pili, ningempa Masanja ishara kwa kichwa, na kwaya ingemfuata Masanja kwa masikio. Macho yote yangebaki kwenye mkono wa Mwalimu, na nyuso zetu zingekuwa za utii uleule. Hakuna aliyesema neno ugonjwa. Tulisema tu kwamba mzee hawezi kuaibishwa mbele ya watu. Binti yake wa pekee, Gaudensia, naye alikuwepo siku ile. Alikuwa sauti ya kwanza, na tulishona pamoja kibandani, mimi kwenye cherehani hii na yeye kwenye ile. Alikubali bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiishona.

Tuliimba vizuri tangu hapo. Nasema wazi kwamba sijutii. Lakini Mwalimu alibadilika, akawa anatutazama kwa namna nyingine, mkono ukiwa hewani, kama mtu anayesikiliza hatua nyuma ya mlango.

Ilipokuja kambi ya madaktari bingwa hapa Sumbawanga, paroko alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe. Daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana, alimwambia aguse pua yake kisha kidole chake yeye daktari, atembee kwenye mstari, aseme maneno fulani harakaharaka. Kisha akamuuliza kuhusu wazazi, na shangazi, na watoto. Alisema ni ugonjwa wa kurithi. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inayopanga mwendo wa viungo na ulimi, inachoka polepole. Dawa ya kuuponya hakuna. Lakini kwenye hospitali yao Dar es Salaam walikuwa wanajaribu kupitisha umeme mdogo sana kwenye kisogo, juu ya ngozi tu, bila kupasua wala kuchoma sindano, kuona kama utaisaidia sehemu hiyo kufanya kazi vizuri zaidi. Walihitaji watu wa kujaribiwa.

Mimi niliposikia umeme kichwani nilisema hapana kabla hajasema yeye. Sisi tunaokaa juu huku tunajua radi. Kila masika inaondoka na mtu au ng'ombe, na kila ikiondoka na mtu wapo wanaosema imetumwa. Mwalimu hakuamini habari za radi za kutumwa, alizishuku kama alivyoshuku kila kitu. Lakini na madaktari pia aliwashuku. Alisema wenye dawa inayofanya kazi hawaitafutii watu, watu ndio huitafuta.

Alienda hata hivyo, na mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa kuwa nina mwanangu Mbagala wa kutupokea na Gaudensia alikataa kuacha kibanda. Mjane na mgane kupanda basi moja mpaka Dar, midomo ya Kasense ilipata kazi ya mwezi mzima. Mwalimu alinitahadharisha njiani nisije nikadhani naye ana nia hiyo. Nilimwambia alale.

Mashine yenyewe ilikuwa kiboksi kidogo, ukubwa wa redio ya mkononi, na nyaya mbili. Kila waya ulikwenda kwenye kipande cha sifongo kilicholoweshwa maji ya chumvi. Kimoja kilifungwa kisogoni kwa mkanda wa mpira, kingine mgongoni karibu na kiuno. Basi, ni hayo tu. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi, na udogo wake ukaniongezea wasiwasi. Mwalimu alinitaka nionje yale maji, nikaonja, ni chumvi kweli. Kisha akamwambia daktari ajifunge yeye kwanza. Daktari alicheka, akavua kilemba, akajifunga. Mwalimu alimkazia macho muda wote ule kama anayengoja afuke moshi.

Jambo lililotokea baadaye ndilo ninalolifikiria mpaka leo. Daktari aliketi mbele yake na kumweleza kwamba baadhi ya wagonjwa watapewa umeme wa kweli kwa muda wote. Wengine mashine yao itawasha ngozi kidogo mwanzoni na kuzimika kimyakimya. Nani yuko upande gani, mgonjwa hataambiwa mpaka mwisho, na hata yeye daktari hatajua.

"Kwa hiyo mnaweza kunidanganya," Mwalimu alisema.

"Tunaweza, mzee wangu. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilisimama kuchukua mkoba wangu, nikijua tunaondoka. Lakini yeye alivua kofia yake ya baridi, akaiweka gotini, akainamisha kichwa afungwe mkanda. Jioni nilimuuliza imekuwaje. Alisema maisha yake yote watu walimdanganya bila kumpa taarifa, na huyu ndiye wa kwanza kumpa taarifa. Mtu wa namna hiyo, alisema, unaweza kukaa naye chumba kimoja. Mimi sikuridhika. Nilifikiri binti wa watu amempata kwa ulimi mtamu tu, na niliendelea kumchunguza daktari yule kila siku tuliyokwenda.

Wiki mbili alikwenda kila siku ya kazi. Ile mashine ikimgusa alisema inawasha kama upupu, kisha anazoea. Baada ya hapo walimtembeza kwenye mstari na kumpa mazoezi ya mikono. Daktari alirudia mara nyingi kwamba hata ikisaidia itasaidia kidogo, na kwamba kidogo hicho huenda kikapungua baada ya miezi, ikabidi kurudia. Sijawahi kuona mchuuzi anayeishusha bidhaa yake hivyo. Hata hilo nililishuku, nikaona huenda ndiyo mbinu yao.

Tulirudi mvua zikiwa zimeanza, na Kasense ikatupokea kwa staili yake. Ngurumo ya kwanza tu ilipopiga wakati wa mazoezi, wanaume wa sauti ya tatu waliokuwa karibu na Mwalimu walihamia upande wa pili wa kanisa. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba umeme wa Dar umebaki kichwani mwake na radi itakuja kuufuata. Kina mama wakikutwa na mvua njiani hawakusimama naye kibarazani, walichagua kulowa. Yeye alilifurahia sana jambo hilo. Mawingu yakitanda juu ya milima ya Mbizi aliwafuata wale wanaume mmoja mmoja kuwauliza hali, na wao wakizidi kusogea mpaka ukutani.

Lakini swali halikuwa kichekesho. Je, mashine ilimsaidia? Daktari alipiga simu baada ya miezi, akasema majaribio ya kundi lake yamekwisha na kwamba Mwalimu alikuwa upande wa umeme wa kweli. Mwalimu alimjibu vizuri, akakata simu, akaniambia, "Hayo ni maneno yake. Mkono unasema nini?" Na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mkono wake hakuna aliyekuwa anaupima. Kanisani tulikuwa tunamfuata Masanja. Nyumbani alijificha mwenyewe: chai alijimiminia nusu kikombe, kitini alikalia viganja vyake, mgeni akija alikuwa tayari ameketi na hainuki mpaka ameondoka.

Aliyelihitaji jibu zaidi ya wote alikuwa Gaudensia. Mishono yake ilianza kupinda. Mwanzoni niliisahihisha baada ya yeye kuondoka, nikilaumu taa. Siku moja nilimwona akijaribu kuingiza uzi tunduni, mkono ukiipita sindano na kurudi, ukiipita na kurudi, kama wa baba yake. Hakuwa ametimiza hata miaka thelathini. Daktari alikuwa amemtengea nafasi kwenye kundi lililofuata, akisema dalili zikiwa changa ndiyo wakati mzuri wa kujaribu, na alitaka jibu kabla ya Jumamosi.

Gaudensia alikataa kwenda na alikataa kukataa. Aliniambia, "Mama Prisca, nikiona baba amesaidika, hata kidogo, nitaenda. Ila siwezi kwenda kufungwa waya na kujulikana nchi nzima kwa ajili ya porojo." Alikuwa ameuliza kwaya yote. Kwaya yote ilimwambia baba yake amepona kabisa, na yeye alijua wanavyosema uongo, maana alikuwa mmoja wao.

Ijumaa yake, kipindi kile cha upepo mkali wa mwezi wa sita, Mwalimu aliniita nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Gaudensia alikuwa uani akipepeta ulezi. Nilitegemea maneno mengi juu ya Dar. Badala yake aliniuliza Masanja hajambo.

Nikasema hajambo.

"Anapiga vizuri sana. Mnamfuata vizuri sana."

Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku mlipoanza kuimba vizuri," alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, yeye ambaye alimfuata mtu nyumbani kwa sababu ya noti moja. Siku hizi kila neno analitafuta kabla ya kulitoa, lakini hili naona alilitafuta zaidi. Alisema, "Ningesema, mngeacha." Kisha akaangalia dirishani, na mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu nilimpenda sana mzee yule dakika ile na sikutaka aone.

Akanyanyuka, ameshika ukuta, akaachanisha miguu yake na kuegemeza mgongo kwenye kabati. Alinitaka niimbe wimbo wa matoleo, ule alioutunga mwenyewe. Hakuna ngoma, alisema, wala kichwa changu kisitikisike. Niufuate mkono tu. Ukienda niende, ukikosea nikosee, ukipotea nipotee nao. Nikimsaidia hata mara moja, nisirudi kwake tena.

Mkono ukapanda. Nikaimba.

Mstari wa kwanza ulikuja. Ulikuja ukitetemeka, pumzi ikiwa ndefu mahali pasipo pake, lakini ulikuja mzima. Wa pili ukaja. Kwenye kiitikio mkono ulikwenda kando, nami nikaenda kando, ukarudi umechelewa, nami nikachelewa, na wimbo ukavunjika katikati ya neno. Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa katika maisha yangu. Mwalimu alishusha mkono.

"Kabla ya Dar ingekuwaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kabla ya Dar ningekwama hapo mwanzo kabisa. Niliwahi kuufuata mkono wake peke yangu Jumapili moja, kwa kujaribu tu, sikupata hata neno moja.

Ungo ulikuwa umenyamaza uani. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni, pumba za ulezi kwenye nywele. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia baba yake.

"Tena, baba," alisema.

Mkono ukapanda kwa shida, na yeye akaimba, kwa ile sauti ya kwanza inayofika mpaka barabarani, akiwa ameukazia macho mkono ule na hakuna kingine. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye kiitikio wakaanguka wote wawili, palepale nilipoanguka mimi. Baba yake alikaa kitini taratibu. Kwa mara ya kwanza hakuvikalia viganja vyake, aliviacha magotini vikitetemeka mbele yetu.

"Nitampigia daktari," Gaudensia alisema. "Naenda."

Mwalimu alimtazama binti yake kama alivyotazama gunia lililomwagwa chini.

"Kwa kipande hicho tu?"

"Hukuwa nacho, baba."